Mwanangu, hata mimi namjua Falcao

Mwanangu,

Ujumbe wako umefika, na mama yako nimemsomea. Salamu tumezipokea. Lile ombi la kutaka nisaini karatasi za wakala wako ili uache shule muhula ukiisha nalo tumelisikia. Hoja uliyonipa ni moja tu: Radamel Falcao wa Colombia alicheza ligi akiwa na miaka 13, wewe una 16, kwa hiyo umeshachelewa. Sawa. Ila wewe Falcao umemkuta kwenye vipande vya video vya simu. Mimi nilikuwa naenda kumwangalia kibanda umiza, dakika zote tisini, tena kwa jicho la beki. Kwa hiyo huyo mtu tumzungumze vizuri.

Ni kweli alicheza. Agosti 1999, akiwa na miaka 13 na nusu, Lanceros Boyacá walimwingiza kwenye mechi ya daraja la pili, na hakuna aliyekuwa amecheza mpira wa kulipwa Colombia akiwa mdogo kiasi hicho. Baada ya hapo je? Mbona hilo hukuniandikia? Miaka miwili ikapita ndipo akaenda River Plate ya Buenos Aires, na huko akakaa timu za vijana mpaka Machi 2005 ndipo akaonja timu ya wakubwa. Piga hesabu mwenyewe. Na River si klabu ya kukutupa mtaani: ina bweni la vijana wanaotoka mbali na ina shule yake, vyote hapo hapo kwenye uwanja wa Monumental. Falcao aliendelea hadi akaingia chuo kikuu mjini humo kusomea uandishi wa habari. Huko anakokupeleka wakala wako, utalala wapi? Utasoma nini?

Halafu kulikuwa na baba. Radamel García alikuwa beki wa kulipwa, akacheza Colombia na akavuka hadi Venezuela, na jina la Falcao alimpa mwanawe kwa kumpenda yule kiungo wa Brazil wa miaka ya themanini. Mzee kama huyo ukimwekea mkataba mezani anajua aanzie kusoma wapi. Mimi nami nilikuwa beki, lakini wa mchangani. Mshambuliaji najua namna ya kumkaba. Karatasi ya kurasa tisa kwa Kiingereza, yenye picha yako juu na isiyo na jina la klabu hata moja, hiyo siwezi kuikaba.

Falcao unamwita mzee, basi ngoja nikwambie huyo mzee alivyokuwa. Alikuwa na urefu wa mita 1.77, mabeki wengi wa kati walimzidi. Taabu yake ni kwamba hakukaa mbele yako wala nyuma yako. Alisimama begani, mahali ambapo ukiangalia mpira humwoni, ukimwangalia yeye mpira unakupita. Krosi ikikaribia kutoka anajifanya anaenda nguzo ya mbali. Ukimfuata, ameshakatiza mbele yako. Fainali ya Ligi ya Europa ya 2011, pale Dublin, Porto, klabu yake wakati huo, na Braga, dakika ya 44: Fredy Guarín, Mcolombia mwenzake, anapiga krosi kutoka kulia, na Falcao yuko peke yake katikati ya mabeki utadhani wamekubaliana wasimguse. Kichwa kimoja, 1-0, kombe. Lilikuwa bao lake la 17 kwenye mashindano hayo msimu ule, na rekodi ya Jürgen Klinsmann ya mabao 15 alikuwa ameshaivunja. Kwenye nusu fainali Villarreal walikwenda mapumziko wakiongoza Porto 1-0. Kipindi cha pili Falcao peke yake akafunga manne.

Atlético Madrid wakamchukua kwa euro milioni 40. Mwaka uliofuata akachukua kombe lile lile kule Bucharest, mawili yake kati ya matatu dhidi ya Athletic Bilbao. Agosti 2012 wakakutana na Chelsea, mabingwa wa Ulaya, kwenye Super Cup, na hadi mapumziko Falcao alikuwa na mabao yake matatu. La kwanza aliunyanyua mpira taratibu juu ya Petr Čech. La pili akaukunja kwa mguu wa kushoto hadi kona ya mbali. Kibanda kizima tulisimama, hata mwenye kibanda akasahau kudai hela. Kwa maoni yangu, misimu ile hakukuwa na namba tisa wa kumfikia, na mtu akikuletea jina jingine mwambie aje kwangu.

Sasa goti. La kulia lilimwangusha mapema, Novemba 2005, alipokuwa ndiyo kwanza ameanza kufunga pale River. La kushoto ndilo lililomgharimu zaidi. Oktoba 2013, pale Barranquilla, Colombia walikuwa nyuma 3-0 mbele ya Chile, wakarudisha yote, penalti mbili akapiga yeye, na nchi ikaingia Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1998. Januari iliyofuata Monaco, waliomnunua kwa euro milioni 60, walicheza Kombe la Ufaransa na Chasselay, timu ya daraja la nne. Alikuwa ameshafunga. Akakwatuliwa ndani ya boksi, ligamenti, ile kano inayoshika goti, ikakatika. (Yule beki alitishiwa maisha mitandaoni. Mabeki nasi ni watu jamani.) Colombia wakafika robo fainali Brazil bila yeye, na James Rodríguez akawa mfungaji bora.

Manchester United wakamchukua kwa mkopo, mabao manne. Chelsea nao, bao moja. Kibandani watu wakasema kwisha habari yake, na walikuwa na haki ya kusema. Akarudi Monaco, akapewa unahodha, na msimu wa 2016/17 akafunga 21 kwenye ligi, pembeni yake akikimbia kijana wa miaka 18 anayeitwa Kylian Mbappé. Ubingwa wakawanyang'anya PSG. Bao la Kombe la Dunia alilipata Kazan, 2018, dhidi ya Poland, akiwa na miaka 32. Istanbul, Madrid tena, na 2024 akarudi Bogotá kuchezea Millonarios, timu aliyoishabikia tangu utotoni.

Na mtu mwenye mawakili na wahasibu kama huyo, mwaka huo huo wa 2018 alikiri kosa la kodi Hispania, mambo ya haki za picha, yaani pesa za kutumia sura na jina lake. Kifungo cha miezi 16, ambacho hakulazimika kwenda kukitumikia, na faini ya euro kama milioni tisa. Hizo nazo zilikuwa karatasi.

Kwa hiyo sisaini. FIFA wenyewe hawaruhusu mchezaji kuhama nchi kwa ajili ya mpira kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa masharti machache ambayo wewe huna hata moja. Wakala naye anapaswa kuwa na leseni yao, inayotolewa kwa mtihani, na mtoto hamfuati kabla mzazi hajakubali kwa maandishi. Huyu wako amekufuata kwenye geti la shule, na anataka milioni tatu za pasi na viza. Wakala wa kweli anakula asilimia mkataba ukishapatikana. Mwambie anipigie mimi, aanze na namba ya leseni.

Sijakukataza mpira. Kocha wenu nimeongea naye, anasema kwenye krosi unakimbilia mpira mapema mno. Mtazame Falcao hapo, si kwenye shangilia yake.

Njumu mpya nimempa kondakta wa basi la Ijumaa, zimefungwa kwenye mfuko wa bluu pamoja na daftari za hisabati. Meno yake ni ya nyasi, usizivae kwenye kokoto.

Baba yako