Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: ufunguo wa kile chumba chetu cha kompyuta anao nani?

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano na teknolojia ya habari,

Assalaam aleikum. Kwa miaka yangu 68 nadhani shikamoo ningepewa mimi, lakini cheo kina heshima yake, basi pokea. Nipo Ngamiani, Tanga. Barua hii anaichapa mjukuu wangu wa kidato cha pili kwenye simu yake, kwa bando nililonunua mimi. Nimemwambia asibadilishe neno. Amesema atagusa nukta tu.

Nina kiduka cha khanga na vitambaa vya magauni. Jumanne ya wiki iliyopita wakaguzi wa leseni walipita barabara yetu, nikawaonyesha niliyokuwa nayo, ile iliyokwisha muda. Wakanifungia siku mbili. Wala sikukataa kulipa. Pesa nilikuwa nayo, imefungwa kwenye pindo la khanga niliyovaa. Ila siku hizi pesa ya pindoni si pesa mpaka ipate kontroo namba, ile namba ya kulipia serikalini yenye tarakimu 12, na namba hiyo haitolewi na binadamu. Inatolewa na mfumo wa kompyuta.

Nilikuwa nimeshakwenda kwenye ofisi moja, sitaitaja, kabla hata leseni haijaisha. Kijana wa nyuma ya kioo hakunyanyua uso. "Bibi, karatasi hatupokei tena. Ingia kwenye mfumo." Nikamuuliza mlango wake uko upande gani. Akacheka, na wenzake wakacheka, nikacheka na mimi, maana ningefanyaje?

Sasa nikueleze mimi niliingiaje kwenye huo mfumo, kwa sababu ndiko kwenye uchungu wangu. Mwaka juzi nilisajiliwa na kijana wa steshenari, mtaa wa pili, kwa shilingi 5,000. Alikuwa na kaunta buku lenye jalada gumu la kijani, kila mteja na ukurasa wake. Wangu una jina langu, chini yake namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, tarakimu 20, ambazo zinaanza na tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo kila anayefunua anajua na umri wangu. Chini kabisa neno la siri, limepigiwa mistari miwili: Khanga123. Ukurasa wa pili ni wa jirani yangu muuza samaki. Huna haja ya kuuliza, lake ni Samaki123. Barua pepe sina, akaandika yake. Simu yangu ni kitochi, akasema haifai, akaweka laini yake. Nikamshukuru, nikamwongezea 500 ya soda.

Mwezi uliopita kijana huyo kapata kazi Dodoma. Simlaumu, kijana akipata riziki asiifuate? Lakini kaondoka na laini yake na kaunta buku lake. Mheshimiwa, serikali ilipohamia Dodoma iliaga. Sisi, karibu mtaa mzima, tumehamia Dodoma ndani ya begi la mtoto wa watu na hatukuaga mtu. Nikitaka kuingia, mfumo unatuma namba sita za kuhakikisha kuwa mimi ni mimi. Unazituma kwake. Nikimpigia, haipatikani.

Duka nilifungua Alhamisi, baada ya mtu mmoja wa pale ofisini kunionea huruma na kunianzishia upya kila kitu kwa simu yake mwenyewe. Kwa maana hiyo sasa nimo kwenye begi la mtu mwingine.

Naomba nikukumbushe jambo, kwa sababu wengi mlioko ofisini siku hizi hamkuwepo. Usiku wa kuamkia 1970 Mwalimu Nyerere alizungumza na taifa, akatangaza mwaka unaoingia kuwa wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1974 mimi nilikuwa binti niliyemaliza la saba huko Muheza, nikapewa ubao, boksi la chaki na posho ya shilingi 30 kwa mwezi, nikaambiwa nikafundishe kisomo, yaani watu wazima kusoma na kuandika. Darasa lilikuwa chini ya mwembe, saa kumi jioni, watu wakitoka mashambani.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja mkata mkonge, umri wa baba yangu. Vidole vyake vilikuwa vinene na vigumu, chaki zilimkatikia mkononi mpaka nikawa namwekea vipande. Wiki tatu tulikuwa kwenye jina lake tu. Siku aliyotia sahihi kwenye mshahara badala ya kubonyeza dole gumba, alikuja kwetu usiku kunionyesha gumba lake. Safi, halina wino. Mama yangu alidhani kuna msiba.

Sensa ya 1967 ilikuta watu wazima kama saba katika kila kumi hawajui kusoma. Kufika katikati ya miaka ya 1980, hesabu za serikali zilisema amebaki kama mmoja katika kumi. Nchi ilikuwa maskini kuliko sasa. Mfumo wetu ulikuwa mwembe.

Halafu 2019 mkatuambia twende na dole gumba kusajili laini. Mwisho ukawa Desemba 31, ukasogezwa Januari 20, 2020. Nilisimama foleni na dada yangu mkubwa, aliyelea watoto sita kwa kufua nguo za watu. Kimashine kilimkataa mara nne. Alama zake zimekwisha, zimeishia kwenye sabuni. Nikamkumbuka mzee wangu wa mkonge, nikasema afadhali Mungu alimchukua mapema.

Mimi nahisi kosa lilianzia pale mlipodhani mwenye simu ndiye mjuzi wa simu. Minara mmetujengea, sikatai. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote una sheria yake tangu 2006, na mimi hapa kitochi changu kinaonyesha vijiti vyote. Mawasiliano yamefika kwa wote, basi ni hao wote ndio hawajafika. Sasa mna mkakati wa uchumi wa kidijitali wa 2024 hadi 2034. Utakapokwisha nitakuwa na miaka 77, Mungu akipenda. Sheria ya bima ya afya kwa wote nayo ilipita 2023, na huko pia naona mbele yangu namba, simu na neno la siri. Nikiugua usiku nimtafute nani, kijana wa Dodoma?

Na tuliahidiwa. Alikuja afisa mmoja, suti ya bluu, akatukusanya kwenye shule moja ya hapa mjini, akatuonyesha chumba. Akasema hiki ni chenu, wazee, akina mama, wavuvi, kila jioni mtafundishwa bure. Tulipiga vigelegele, mimi wa kwanza, na nina aibu navyo mpaka leo. Chumba kikapakwa rangi, zikaja kompyuta tano. Juzi nilichungulia dirishani. Zimefunikwa vitambaa vizuri vya kufuma, kama redio ya bibi harusi, na juu ya vitambaa vumbi. Kufuli la mlangoni limeshika kutu. Mlinzi anasema ufunguo uko kwa mtu aliye likizo. Likizo ya tangu mwaka jana, Mheshimiwa! Na mimi naitaka kazi hiyo.

Nilikuwa nimepanga kukuomba mengi: walimu, simu za bei nafuu, mfumo unaosoma kwa sauti, dirisha moja lenye mtu kila ofisi. Mjukuu ananiambia bando linakaribia kuisha, basi nayaacha. Naomba chumba kile kifunguliwe. Mwalimu tutamtafuta wenyewe, mjukuu wangu yupo hapa na wenzake wapo. Chai nitapika mimi. Chumba tu, kifunguliwe saa kumi jioni.

Ufunguo ukipatikana, mpe dereva yeyote wa basi la Tanga, amwambie konda aulize duka la khanga la Bi Mkubwa wa kisomo, Ngamiani. Nipo kila siku isipokuwa Ijumaa mchana.