Manesi tunaandika, ila kibali tunakikumbuka baadaye

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Mi ni nesi hapa Mwanza, huu mwaka wa 11, na gazeti lenu huwa nalisoma likifika wodini kabla halijafungiwa maandazi. Juzi kati msomaji mmoja aliandika kwenye ukurasa huu kwamba manesi wa Tanzania hawaonekani kwenye majarida ya kitaalamu kwa sababu ya uvivu, wanaoandika ni madaktari tu. Nilisoma nikiwa kwenye daladala ya Nyegezi, nikakasirika mpaka nikapitilizwa kituo. Uvivu sio. Tunaandika sana tu, shida ni kwamba mara nyingi tunaandika kitu ambacho kilishajifungia mlango toka siku ya kwanza na hamna aliyetuambia.

Nitoe langu.

Miaka 4 iliyopita nilikuwa wodi ya mifupa ya wanaume, hospitali siitaji. Pale wagonjwa wengi ni vijana wa bodaboda na abiria wao, mfupa wa paja umevunjika, mtu yuko kwenye traksheni, mguu unavutwa na uzito, amelala chali wiki 6. Akilala hivyo bila kuinuliwa kiuno anapata bedsoa, vile vidonda vya kulalia, na kidonda kile kinaweza kumkalisha hospitali kuliko hata huo mfupa. Usiku tuko manesi wawili, wagonjwa arobaini na ushee, nani atazunguka vitanda vyote kila baada ya masaa mawili? Nikachukua maboksi ya glavu yaliyoisha, nikayakata, nikachora sura ya saa kwa maka peni, nikatundika kila kitanda, halafu nikawafundisha ndugu wanaouguza, saa mbili usiku mnamwinua unaweka tiki, saa nne tena, saa sita tena mpaka kunakucha. Kulikuwa na mama mmoja wa Ukerewe anamuuguza mwanae, kusoma hajui, lakini boksi lake lilikuwa halikosi tiki hata moja, na akipita kitanda cha jirani akikuta tiki hamna anamfokea yule ndugu mpaka mimi naona aibu kuongeza neno. Mi kazi yangu ikawa kuandika kwenye daftari nani kapata kidonda, siku ya ngapi, sehemu gani ya mwili. Miezi 5 nimeandika. Vidonda vilipungua mpaka inchaji wa wodi akawa anawaonesha wageni yale maboksi kama vile kayachora yeye.

Nikasema hii naiandika. Nikaandika baada ya zamu, kurasa 31, nikasabmiti kwenye jarida moja la uuguzi la nje. Siku ya tatu imeli ikaja, fupi, tunaomba namba ya kibali cha maadili, yaani ruhusa ya kamati ya kufanya utafiti kwa watu, na tarehe kilipotolewa. Sina. Nikamfuata katibu wa kamati ya maadili na daftari langu kwapani, yule baba alinisikiliza vizuri kabisa, akaniuliza, "Sista, data umeshakusanya?" Nikajibu kwa furaha ndio, zote ziko humu. Akalifunga daftari akanirudishia taratibu. "Sasa nikupe kibali cha kufanya nini?"

Ndo nikajua. Kibali hakirudi nyuma. Azimio la Helsinki, ule mwongozo wa madaktari duniani wa maadili ya utafiti kwa watu, linataka mpango wa utafiti upite kwenye kamati kabla utafiti haujaanza, na majarida ya maana yote yanashikilia hapo. Hapa kwetu kitaifa ni NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na baadhi ya vyuo na hospitali kubwa zina kamati zao, kwa hiyo mtu wa Mwanza hana haja ya kusafiri kwenda kuuliza. Halafu kuna wale wanaosema mi sijafanya utafiti, nimeboresha huduma tu. Sawa, ila sio wewe unayeamua hilo. Peleka karatasi zako kamati, wao wakiona haihitaji kibali watakuandikia barua ya kusema hivyo, na hiyo barua ndo jarida watakayoitaka. Daftari langu mpaka leo liko kabatini, miezi 5 ya usiku, haliwezi kuchapwa popote.

Sasa huko wodini mwetu yako madaftari kama langu mangapi? Wakunga wanajua kwa nini akina mama wa visiwani wanachelewa kufika, manesi wa watoto wanajua vitu vya selimundu ambavyo hujaviona kwenye kitabu, na wanahesabu na kuandika kabisa. Kibali ndo hawana, maana shuleni tulifundishwa kufanya utafiti wa kumalizia chuo, kibali kikiombwa kwa mkupuo na msimamizi, ukitoka pale hukumbuki hata ile fomu inafananaje.

Raundi ya pili nilianza na kamati, ndo nikaenda wodini na maboksi yangu. Kuandika kwenyewe nako nikakuta sio kama tasnifu. Tasnifu ina sura 5 na unaeleza bedsoa ni nini kurasa 10, jarida hawataki hayo, wanataka utangulizi mfupi, mbinu, matokeo, mjadala, basi, ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo, maneno 250 na makala nzima maneno elfu tatu mpaka elfu tano kutegemea na jarida. Soma maelekezo yao kwa waandishi kabla ya kuandika, mi niliyaprinti nikayabandika mlangoni. Kuna na miongozo ya namna ya kuripoti, kazi ya kuboresha huduma kama yangu inatumia SQUIRE ya 2015, ina vipengele 18, utafiti wa kuangalia tu ni STROBE vipengele 22, mahojiano ni COREQ vipengele 32. Ukiishika mapema inakusaidia hata kujua nini cha kurekodi wodini. Mimi raundi ya kwanza sikurekodi idadi ya manesi kwa kila zamu, na ndo kitu cha kwanza mtu wa nje angeuliza.

Kingine ni kuficha jina. Majarida mengi ya uuguzi mpitiaji, yule mtaalamu anayeombwa na jarida aikague makala, hatakiwi kujua kaandika nani, kwa hiyo majina yanakaa kwenye faili la peke yake. Mi nilitoa jina mbele nikasahau ndani nimeandika jina la hospitali mara sita, na faili lenyewe ukibonyeza sifa zake linakuambia limetengenezwa na nani. Wakarudisha nirekebishe.

Majina ndo yalitaka kuniua. Orodha ilifika watu 9, pamoja na bosi mmoja ambaye mchango wake ulikuwa kusema endeleeni, na alitaka kukaa wa kwanza. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, ina masharti manne na unatakiwa utimize yote, umechangia kwa maana kwenye wazo au data, umeandika au umerekebisha kwa akili yako, umeidhinisha toleo la mwisho, na uko tayari kuwajibika kwa kilichomo. Wengine wanaingia kwenye shukrani. Sikubishana naye, nilituma yale masharti kwenye grupu la wasapu la wodi saa tano usiku bila maelezo, nikazima simu. Asubuhi watu wanne walikuwa wamejitoa wenyewe. Bosi hakujitoa, ila alikaa chini akasoma makala na kunirudishia masahihisho ya maana kweli kwenye mjadala, kwa hiyo yupo, wa tano.

Pesa niguse kidogo maana watu wanalizwa. Ukipata imeli inakuita profesa wakati wewe ni nesi wa diploma, inakuambia makala itatoka ndani ya siku 5 ukituma dola, ifute. Rafiki yangu wa Sengerema alituma kama mshahara wake wa mwezi, makala ikatoka kweli, na makosa yake ya spelingi yote, hamna aliyeisoma. Alipotaka kuihamisha jarida lingine akaambiwa imeshachapishwa. Angalia jarida kama lipo DOAJ (orodha ya majarida ya kusomwa bure) au MEDLINE (orodha ya makala za tiba) kwanza. Na sio kila jarida linakutoza, yale ambayo msomaji ndo anayelipia kwa kawaida hayamdai mwandishi kitu, na yale ya wazi, ambayo msomaji anasoma bure, mengi yana msamaha kwa nchi kama yetu ila unauomba siku unasabmiti, sio umeshakubaliwa ndo unaanza kulia. Ukitaka kusoma makala za wenzako muulize mkutubi wa chuo au hospitali kama wana Hinari ya WHO, mpango wa kusoma majarida ya afya mtandaoni bure au kwa bei ndogo, ipo toka 2002 na wengi wetu tunaipita pale mlangoni kila siku. Na zile programu za akili bandia za kuandikia za kwenye simu, zikusahihishie Kiingereza ukitaka halafu uwaambie jarida umezitumia, ila usizipe kazi ya kutafuta marejeo, zinatunga.

Ninachoomba sio semina ya hotelini yenye posho. Matroni na mainchaji, nesi akija na wazo, hata la maboksi, swali la kwanza liwe umeshaenda kamati? Fomu ya maombi ikae pale ofisi ya wauguzi karibu na rosta, mtu aione. Na kamati nazo ziweke siku moja kwa mwezi nesi aje na karatasi moja aulize bila kuogopa.

Makala yangu ilikataliwa jarida la kwanza ndani ya siku nne, wakasema nzuri ila sio yao. La pili wameirudisha na maoni 27 ya wapitiaji wawili, ambayo unayajibu moja moja kwa heshima hata lile linalokuudhi. 26 nimejibu. Limebaki la 14, mpitiaji anauliza huyu ndugu anayeweka tiki usiku ameajiriwa na nani, analipwa kiasi gani, na analala wapi. Namfikiria yule mama wa Ukerewe na khanga yake pale sakafuni chini ya kitanda, nafuta, naandika tena. Jarida wamenipa siku 60, zimebaki 9.

Muuguzi, Nyegezi, Mwanza
(jina ninalo, naomba lisitoke)