Ssalongo, hebu tazama nyayo zako

Mbale,
Jumapili jioni

Kwako Ssalongo,

Salamu nyingi kutoka huku chini ya mlima Wanale. Sisi ni wazima. Mama watoto anakusalimu, na mvua zimeanza, kila alasiri tunakimbizana kuanua kahawa. Nisalimie sana Nnalongo na wajukuu.

Barua yako niliipata Jumanne nikaisoma mara mbili. Unasema kilomita 10 ulizokuwa ukizimaliza kwa dakika 44 ulipokuwa na miaka 50, leo ukiwa na 61 zinakuchukua dakika 53. Umeamua kwamba huo ni uvivu, ukajiongezea vilima kila asubuhi bila siku ya kupumzika, kama tulivyofanya kambini tukiwa makuruti. Halafu mwishoni, kwa mstari mmoja tu, unataja kwamba kisigino kinauma ukikanyaga chini kutoka kitandani. Huo mstari ndio ulionitia wasiwasi.

Wewe si mvivu, afande. Acha nikueleze nilichokiona kwa macho yangu.

Mwezi uliopita nilikimbia na mpwa wangu, kijana wa miaka 24, kwenye ile barabara ya udongo inayopita mashambani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Tulikwenda polepole, bega kwa bega, tukiongea njia nzima. Tuliporudi kwa miguu nikaziona nyayo zetu sambamba kwenye tope. Mwendo wetu ulikuwa mmoja, lakini zake zilikuwa chache na zangu nyingi. Nikavunja kijiti cha mkaratusi nikapima. Kutoka wayo hadi wayo, kwake kijiti kiliisha na ikabaki nafasi ya shubiri moja. Kwangu kijiti hicho hicho kilizidi kwa vidole vinne. Halafu nikachuchumaa kutazama vizuri. Wayo wake ulikuwa umechimba mbele, chini ya vidole, na tope limerushwa nyuma kama lililochotwa kwa jembe. Wangu ulikuwa bapa kama muhuri wa ofisi. Hapakuwa na shimo la kujisukuma.

Nilikaa pale barabarani muda mrefu, Ssalongo. Miaka yote nilidhani kinachochoka ni pumzi.

Pumzi nayo hupungua, hilo ni kweli. Mapigo ya juu kabisa ya moyo hushuka kadiri umri unavyopanda. Ile hesabu ya kawaida ya kutoa umri wako kwenye 220 inakupa 159, wakati kijana wa miaka 25 anapewa 195, na hakuna mazoezi yanayozuia moyo kushuka hivyo. Oksijeni ambayo mwili unaweza kuitumia nayo hupungua kama asilimia 10 kila miaka 10 baada ya miaka 30 kwa mtu anayekaa tu. Anayeendelea na mazoezi makali anaweza kuupunguza upotevu huo hadi karibu nusu. Basi wewe na mimi hapo tumejitahidi.

Lakini waliowapima wakimbiaji wazee wamekuta jambo lile lile nililoliona kwenye tope. Hatua inafupika, na mzee anajazia kwa kupiga hatua nyingi zaidi. Nguvu ya nyonga na ya magoti hubaki karibu kama ilivyokuwa. Inayopotea ni ile ya kifundo cha mguu, yaani shavu la mguu pamoja na kano linaloshuka mpaka kisigino. Hapo ndipo mguu unapojisukuma kuondoka ardhini. Nyuzi za misuli za kasi ndizo zinazonyauka kwanza, na ndizo zinazokupa ule mruko. Ndiyo maana wazee wanaokimbia huumia zaidi mashavu na kano la kisigino, wakati vijana hulalamika zaidi magoti.

Sasa unaona kwa nini nimeogopa? Kilima hulivuta kano hilo kuliko njia tambarare, nawe unalipandisha kila siku likiwa tayari linalia.

Mimi mwenyewe yalinikuta mwaka jana. Nilitaka kuwafuata vijana kwenye mteremko wa Wanale, tukipanda, na katikati nikasikia kama mtu amenipiga jiwe nyuma ya mguu. Niligeuka kumtafuta. Hapakuwa na mtu. Shavu lilikuwa limechanika. Kwenye kliniki niliyopelekwa niliambiwa kwamba kwa umri wangu mbio zimekwisha, nitafute bustani ya kulima. Sikuulizwa hata nilikuwa nikifanya mazoezi gani. Yale maneno yaliniuma kuliko mguu, kwa sababu wiki tatu nzima niliyaamini. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mfikirie Kenenisa Bekele wa Ethiopia. Mwaka 2019 alikimbia marathoni ya Berlin kwa saa 2:01:41, na mwaka 2024, akiwa na miaka 41, akakimbia ya London kwa 2:04:15 na kushika nafasi ya pili. Hazifiki dakika tatu za tofauti. Na yule mzee wa Kanada, Ed Whitlock, alimaliza marathoni ya Toronto kwa saa 2:54:48 akiwa na miaka 73. Alipofikisha 85, mwaka 2016, alitumia 3:56:38. Kwa hiyo mteremko mkali huja mwishoni, na sisi hatujaufikia. Whitlock alikuwa akijizoeza kwa kukimbia polepole makaburini karibu na nyumbani kwake, wakati mwingine saa tatu mfululizo. Vilima vya kila siku hakuvihitaji.

Basi nakuomba, na nakuomba kama ndugu. Vilima viache mpaka kisigino kinyamaze asubuhi. Baada ya hapo, kilima mara moja kwa wiki, na siku mbili za mwendo mwepesi kabla ya kufanya tena kazi ngumu. Mwili wetu bado unajijenga, ila unachukua muda zaidi kumaliza ukarabati. Na kila siku ya pili fanya hivi: simama kwenye ngazi ya mlango, visigino vikining'inia nje, shika ukuta, panda kwa vidole, halafu shuka taratibu ukihesabu mpaka nne. Anza na miguu yote miwili. Ukizoea, mguu mmoja mmoja. Mimi sasa nashika jerikeni la lita 10 mkononi. Nilianza nikiweza mara 6 tu kwa mguu ulioumia, na wiki hii nimefika 19. Kano likizidi kuuma kesho yake, punguza. Likibaki vile vile, endelea.

Juzi mvua iliponyesha nilipita tena ile barabara peke yangu. Mbele ya wayo sasa kuna kishimo kidogo. Nilimwita mama watoto aje akione, naye akaja na mwavuli, akakitazama kweli.

Mbio za Kampala za Novemba bado zina muda, na nataka tuzikimbie pamoja, wewe na mimi, kwa mwendo wa kuongea. Kabla ya kunijibu, jaribu leo jioni mlangoni kwako uone unaweza kupanda kwa vidole mara ngapi kwa kila mguu. Niandikie hesabu zote mbili, wa kulia na wa kushoto, hata kama ni ndogo.

Ni mimi, mwenzako wa kambini.