Mlango uliokwishavunjwa

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu wizi wa majumbani niliisoma hadi mwisho, na ina mengi mazuri. Ila imemsahau mtu mmoja, yule ambaye tayari ameibiwa. Ushauri wote mliotoa ni wa mwenye mlango mzima. Naomba nafasi nimsemee huyu mwingine, kwa kuwa yaliyompata yalinipata mimi pia, tena mara mbili.

Wezi waliingia kwetu mchana kwa mlango wa nyuma, sote tukiwa tumetoka. Walichukua televisheni, kompyuta ya mkononi na bangili alizoniachia marehemu mama. Jioni polisi wakaandika maelezo. Kesho yake fundi akaja, akarudishia kila kitu kama kilivyokuwa, tukafagia vibanzi vya mbao, tukanyamaza. Tuliona aibu, kana kwamba sisi ndio wakosaji. Usiku nikisikia kishindo kidogo tu nainuka kitandani, na ndugu zangu wakaniambia kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nitulie, yamekwisha.

Siku ya 19 wakarudi, kwa mlango uleule. Safari hii waliondoka na televisheni mpya ambayo hata karatasi ya nailoni ya kioo hatujaibandua.

Nilidhani ni mkosi. Baadaye nikaja kujua kwamba wanaochunguza uhalifu wameliona jambo hili miaka mingi na katika nchi nyingi: nyumba iliyokwishavunjwa iko katika hatari kubwa zaidi ya kuvunjwa tena kuliko ile isiyoguswa, na hatari hiyo huwa kali zaidi katika wiki chache za mwanzo. Hata nyumba za jirani huingia katika hatari hiyo. Ukifikiri, ni wazi. Mwizi amekwishajua vyumba, amejua mlango gani hauna nguvu na saa gani hamna mtu. Anajua pia kwamba vilivyoibwa vitanunuliwa vingine. Mara nyingi anayerudi ni yuleyule, au mwenzake aliyesimuliwa.

Katikati ya miaka ya 1980, katika mtaa wa Kirkholt, mjini Rochdale, Uingereza, waliamua kuanza na waliokwishaibiwa. Hawakusambaza nguvu mtaa mzima. Ziliimarishwa nyumba zilizovunjwa, zikaondolewa mita za gesi na umeme zilizokuwa zikilipiwa kwa sarafu, maana wezi walizivunja kwa ajili ya fedha zilizomo, na majirani wachache wanaoizunguka kila nyumba wakaombwa waiangalie. Mwaka wa kwanza wizi ulishuka kwa karibu asilimia 60. Baada ya miaka michache ulikuwa umeshuka kwa karibu robo tatu.

Sasa turudi kwenye mlango wangu. Mara ya pili sikufagia haraka. Nilichuchumaa nikaviokota vibanzi kimoja kimoja, na hapo ndipo nilipoona. Kitasa kilikuwa kizima kabisa, ufunguo unazunguka vizuri. Kilichong'oka ni kile kibati cha kwenye fremu kinachopokea ulimi wa kitasa. Kilikuwa kimeshikwa na skrubu mbili, fupi kuliko ukucha wa kidole gumba changu. Teke moja au mawili, basi. Na skrubu hizo ndizo fundi alizorudishia siku ile ya kwanza, kwenye mbao ileile iliyokwishapasuka! Simlaumu sana, tulimwambia arudishe kama ilivyokuwa.

Kwa hiyo mwenye mlango uliovunjwa asikubali urudishwe ulivyokuwa. Kibati kiwe kirefu na kinene, skrubu ziwe za sentimita 7 au 8, zipite fremu na kushika ukuta. Ulimi wa kitasa uingie ndani ya fremu walau sentimita 2 na nusu. Silinda ya ufunguo isichomoze nje, maana ikichomoza hushikwa kwa koleo ikavunjwa. Bawaba zikiwa upande wa nje, pini zake zisiwe za kuchomoka. Hakuna hapo jambo la kitajiri. Uholanzi tangu 1999 hairuhusu nyumba mpya kujengwa bila milango na madirisha yanayoweza kumchelewesha mwizi, na wizi katika nyumba hizo ulipungua kwa takriban robo.

Nondo za madirisha nazitaja kwa haraka, kwa sababu woga huwafanya watu wajifungie kama mahabusu. Kila chumba cha kulala kiwe na angalau dirisha moja ambalo nondo zake hufunguka kwa ndani, na ufunguo ukae mahali ambapo mtoto anafikia lakini mkono wa mtu aliye nje haufiki. Moto haungoji utafute ufunguo.

Lakini linaloniuma zaidi ni ule ukimya wetu. Baada ya wizi wa pili nilikwenda kwa mama mmoja tunayetazamana naye, nikamweleza yote. Akashika kichwa. Siku tatu kabla alikuwa amemwona kijana amesimama getini kwetu, akiulizia mtu ambaye hajawahi kuishi hapa, huku macho yake yanazunguka upande wa nyuma. Akamjibu kwa upole, kijana akaondoka. "Mwanangu, ungeniambia mmeibiwa," akasema, "ningekupigia simu palepale." Hakuwa na habari hata ya ule wizi wa kwanza. Nyumba zetu zinatenganishwa na hatua 20.

Ombi langu kwa polisi wanaoandika maelezo ya wizi ni sentensi moja tu: wamwambie aliyeibiwa kwamba wezi wanaweza kurudi, na kwamba wiki zijazo ndizo za kuangalia. Sisi hatukuambiwa. Kwa mafundi, naomba wamwoneshe mteja zile skrubu fupi kabla ya kuzirudishia. Na wewe Mhariri, mkiandika tena juu ya wizi, anzeni na nyumba iliyovunjwa jana.

Wako,
Msomaji wa kila siku