Shukrani kwa yule kaka wa ndoo

Asalaam aleykum wapendwa, nimeshindwa kukaa kimya, namtafuta yule kaka aliyeswali kwetu Alasiri Jumapili ile hapa Tanga, jina simjui na hakutaka kulisema. Kamati tulikuwa tunajikagua matumizi ya msikiti, umeme, taka, zile chupa za plastiki za futari, tukajiona tuko vizuri tu, kumbe maji ndo hatujayagusa kabisa!! Akaomba ndoo ya lita 10 akaiweka chini ya bomba, nikatawadha kama siku zote, nafika kuosha miguu ndoo inamwagika. Yeye akachukua chupa ya lita moja akaijaza nusu na kidogo, akasema Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja, haifiki hata lita, halafu akatawadha palepale mbele yetu, taratibu, kiungo kwa kiungo, na maji yakabaki. Wazee kimyaa. Wiki hiyohiyo tulibadilisha koki zote, na maji ya udhu sasa tumeyaelekeza kwenye migomba ya uani. Kaka, Allah akulipe kheri, ukipita tena mkungu wa kwanza ni wako.