Malalamiko kuhusu simu iliyouzwa kama ya AMOLED ilhali kioo chake ni LCD

Ngamiani,
Tanga.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu ya Kampuni,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.

Mimi ni mnunuzi wa samaki katika mwalo wa Deep Sea hapa Tanga. Simu ya kampuni yenu niliinunua kwa wakala wenu wa hapa mjini kwa sababu boksi lake liliandikwa kuwa ina kioo cha AMOLED, na bango la dukani liliahidi kwamba mtumiaji akiwasha mandhari meusi (dark mode, yaani maandishi meupe juu ya weusi), betri ya 5,000 mAh itadumu siku mbili. Natoka nyumbani alfajiri chaji ikiwa imejaa, lakini adhuhuri hunikuta simu imezima, wavuvi wakisubiri malipo yao nami nikihangaika kutafuta pa kuchomeka chaja.

Wakala wenu alinijibu kwamba natumia mwanga mkali mno. Jibu hilo silikubali hata kidogo. Pale ufukweni, jua la saa nne likishapiga kioo, ukipunguza mwanga husomi hata kiasi cha fedha unachomtumia mtu, na ndiyo maana nilitafuta AMOLED. Katika kioo cha aina hiyo kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe, na penye weusi mtupu nukta huzimika isile umeme. LCD ina taa nyuma yake ambayo huwaka upana wote wa kioo hata picha ikiwa nyeusi, kwa kuwa kazi ya nukta zake ni kuuzuia mwanga tu. Kwa hiyo kwenye LCD mandhari meusi hayaokoi chaji ya maana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walilipima jambo hili mwaka 2021 kwenye simu za OLED, jamii ya vioo ambamo AMOLED imo, wakaona kwamba kuhamia mandhari meusi huokoa kwa wastani kati ya asilimia 39 na 47 ya umeme wa betri mwanga ukiwa umefikishwa mwisho, lakini asilimia 3 hadi 9 tu mwanga ukiwa kati ya asilimia 30 na 50. Anayenufaika zaidi, basi, ni mtu wa kushinda juani kama mimi.

Fundi wa simu wa hapa Ngamiani alinionyesha ukweli kwa njia ambayo nanyi mnaweza kuirudia. Tuliingia stoo isiyo na dirisha, tukafungua picha nyeusi tupu kwenye simu yangu na kwenye nyingine yenye AMOLED ya kweli, mwanga ukiwa mwisho kwa zote mbili. Ile nyingine ilipotea gizani kana kwamba imezimwa. Yangu ilibaki na weupe wa kijivu, uliozidi kwenye kingo, hata nikaviona vidole vyangu vilivyoishika.

Sina ugomvi na LCD yenyewe. Kwenye kurasa nyeupe AMOLED huweza kula chaji zaidi, na anayesoma nyaraka ndani ya nyumba huenda asione hasara yoyote. Ninacholalamikia ni kuuziwa kitu kwa jina la kingine, na kwa bei ya hicho kingine.

Naomba mnibadilishie simu kwa yenye kioo kilichoandikwa kwenye boksi, au mnirudishie fedha yangu yote, na bango lile liondolewe kabla halijampotosha mnunuzi mwingine. Nisipopata majibu ya maandishi ndani ya siku 14, nitapeleka shauri hili Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji.

Nimeambatisha nakala ya risiti, picha za boksi na bango, pamoja na zile tulizopiga stoo. Simu ninayo, na fundi wenu anaweza kuikagua wakati wowote nikiwepo.

Ndimi mteja wenu,
Mnunuzi wa samaki, Deep Sea, Tanga.