Miche 18 ya mama

Shoga yangu,

Salamu nyingi. Nimekaa kimya mno, najua, na simu zako mbili sikuzipokea. Sisi wazima, Baba Asha naye anaendelea vizuri, mengine tukionana.

Nakuandikia kwa ajili ya zile mbegu za maua ya zinia za marehemu mama yako. Nilizisia zote 40 ndani, kwenye trei dirishani, nikafunika kwa nailoni. Siku ya tano zikachungulia. Laiti ungeniona nilivyofurahi! Nailoni nikaiacha palepale wiki nzima, maji asubuhi na jioni. Kuamka siku moja, miche imelala. Nikainua mmoja: majani bado mabichi, lakini shina, pale linapogusana na udongo, limenywea likawa jembamba kama uzi, la kahawia. Kinyausi, ule ugonjwa wa kuoza shina la miche. Nililia, sikufichi. Mbegu za dukani hununuliwa tena, lakini hizi mama alizikausha kwa mkono wake.

Nailoni niliiondoa saa ileile. Maji sasa natia kwenye sinia la chini, udongo unayanywa wenyewe, na siongezi mpaka juu pakauke. Ugonjwa umekoma. Imebaki 18. Juzi, ilipotoa jozi ya pili ya majani halisi, nikaihamishia kwenye vikopo vya karatasi, naishika kwa jani, shina siligusi kabisa. Itaingia shimoni na vikopo vyake, maana zinia haipendi kusumbuliwa mizizi.

Sasa shida yangu. Tarehe 14 nasafiri siku nane, na ndiyo wiki ya kuizoesha jua. Naomba uje uiangalie. Siku ya kwanza saa moja tu kivulini, ya pili saa mbili, uongeze hivyohivyo, jua lenyewe baadaye, na usiku irudi ndani. Ikitolewa juani ghafla majani yatababuka, na upepo nao... Dada yako amejitolea, lakini unamjua na maji, ataizamisha. Baada ya kinyausi kile sithubutu.

Je, utapata nafasi? Kwako zilibaki mbegu nyingine, hata chache, au zile ndizo zote? Mama alikuwa akizipanda ukutani au mbele ya baraza? Na ile nyekundu iliyokolea, alikuwa akiitenga, au aliziacha zichanganyike?

Nijibu kabla ya tarehe 14, tafadhali.

Wako akupendaye,
Mama Asha